Fimbo ya Kuvulia ya Bei Nafuu Huko Uingereza

Mwezi huu tuongee habari za samaki. Wengi wetu humu kambini ni watu wa Ziwa Tanganyika: Baraka, Uvira, Kalemie. Tuna wazee waliovua ndagala usiku kwa karabai na lusenga tangu utoto wao. Sasa baadhi ya ndugu zetu wako Uingereza, wengine walipokelewa kwa mpango wa Gateway uliokuwepo tangu 2004 hadi 2020. Mzee akikaa tu ndani ya nyumba, halafu anaona mto unapita karibu, mikono inamwasha. Basi anauliza, vifaa vya bei ndogo vinapatikana wapi?

Vinapatikana hata pale wanapouza mkate na maziwa. Supermaketi za bei nafuu kama Lidl na Aldi huwa na bidhaa za muda katikati ya duka. Wiki hii makoti ya mvua, wiki nyingine sufuria, na baridi ikianza kupungua unaweza kukuta fimbo za kuvulia, ndoano, maboya na viti vya kukunja. Vikiisha vimeisha, hawaleti vingine upesi.

Je, vinafaa? Kwa samaki wadogo na wa kati vinafaa kabisa, usidanganywe na wenye fimbo za bei kubwa. Lakini kagua kabla ya kulipa. Fimbo ina vipete ambamo mshipi unapita. Kimoja kikiwa na ufa, kitakukata mshipi samaki akivuta. Pitisha pamba ndani yake: ikinasa, acha hiyo fimbo. Zungusha kigurudumu cha kukunjia mshipi, kisikwame wala kulia. Mshipi unaokuja pamoja na seti mara nyingi ndio dhaifu, kwa hiyo ukipata pesa kidogo, badilisha huo kwanza. Na fundo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza. Hilo wazee wanalijua, sina haja ya kuwafundisha!

Sasa hapa ndipo penye hatari. Duka linakuuzia fimbo bila kukuuliza karatasi. Ukifikiri basi umeruhusiwa kuvua, umepotea. Kule England, kila mtu kuanzia miaka 13 anayevua kwa fimbo kwenye maji baridi lazima awe na leseni. Wa miaka 13 hadi 16 wanapewa bure, lakini lazima waichukue. Mkubwa anaweza kulipia siku 1, siku 8 au miezi 12. Ukikamatwa huna, faini inaweza kufika pauni 2,500. Fimbo ya bei nafuu imekuwa ghali kuliko ng'ombe!

Tena leseni peke yake haitoshi. Maji yana mwenyewe, ama mtu ama chama cha wavuvi, na yeye pia anaombwa ruhusa. Kwenye mito, samaki wengi hawavuliwi kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Juni, eti wapate kuzaana. Risasi nyingi tulizozoea kufunga kwenye mshipi zimekatazwa tangu 1987, maana zinaua ndege wa majini. Nunua vizito visivyo vya risasi.

Na hili litawashangaza kina mama: wavuvi wengi kule wanamvua samaki, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Kwenye mto unaruhusiwa kuchukua wachache tu, kwa mfano wale wadogo wasiozidi sentimita 20, samaki 15 kwa siku, na wa aina zilizotajwa. Kwenye bwawa ni mwenye bwawa anayeamua. Mzee aliyerudi na ndoo imejaa anaweza kuitiwa polisi na jirani, huku yeye akijua ameleta mboga.

Wenye ndugu Ujerumani nao wajue: huko maduka hayo hayo yapo, lakini kwa kawaida mtu anasoma kozi na kufanya mtihani kwanza ndipo apate kibali cha kuvua. Kwa hiyo mkiongea nao kwenye simu, waambieni waulize kibali kabla ya kununua fimbo.