Kuvuka Suam Bila Kupoteza Siku: Hati za Kubeba na Haki za Kudai

Mama anayeuza maharagwe sokoni Matisi akiondoka nyumbani alfajiri, anaweza kufika mpaka wa Suam jua likiwa bado halijachomoza vizuri. Kutoka Kitale ni takriban kilomita 45 tu. Ananunua magunia yake machache upande wa Uganda, na kufikia saa nne yuko tayari kurudi. Hapo ndipo siku huanza kupotea. Hajui aanzie dirisha gani, hajui fomu ipi ni yake, na pembeni kuna mtu asiye na sare anayemwambia, "Mama, nipe elfu moja nikuvushe."

Wengi hulipa. Wengine huzunguka mtoni. Makala haya yanaeleza kwa nini hakuna haja ya kufanya hata moja kati ya hayo mawili.

Anayejulikana mapema hupita haraka

Katika viwanja vya ndege vya nchi nyingine kuna mipango ya wasafiri wanaoaminika. Marekani ilianza mpango wake wa Global Entry mwaka 2008. Msafiri anaomba akiwa nyumbani, anachunguzwa, anahojiwa, na akikubaliwa anapita kwenye mashine badala ya foleni ndefu kwa miaka 5. Mwaka 2011 nchi hiyo iliongeza mpango mwingine, TSA PreCheck, kwa upande wa ukaguzi wa usalama.

Wengi wetu hatutawahi kuhitaji mipango hiyo. Lakini msingi wake ni rahisi, na ndio uleule unaotumika katika mipaka yetu ya Suam, Lwakhakha, Malaba na Busia. Afisa akikuta habari zako ziko sawa kabla hujafika mbele yake, hana sababu ya kukuchelewesha. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka utaratibu wa aina hiyo kwa msafiri wa kawaida, kwa mfanyabiashara mdogo na kwa kampuni kubwa. Tatizo ni kwamba wanaostahili kuutumia mara nyingi hawajaambiwa upo.

Msafiri wa kawaida: kitambulisho chako kinatosha

Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo tatu kwa kutumia kitambulisho cha taifa. Huhitaji pasipoti kwenda Kapchorwa, Mbale au Kampala. Unaonyesha kitambulisho, unaandikishwa, unaendelea na safari. Raia wa nchi ya Jumuiya anaruhusiwa kukaa katika nchi nyingine mwanachama kama mgeni hadi miezi 6, na ruhusa hiyo haina malipo.

Kitambulisho lazima kiwe halisi na kisomeke. Nakala ya karatasi au picha kwenye simu haitoshi. Ikiwa chako kimepotea au kimefutika, anza na chifu wako au Huduma Centre ya Kitale kabla ya kupanga safari. Asiye na kitambulisho anaweza kuomba hati ya muda ya kusafiria ndani ya Afrika Mashariki kutoka Idara ya Uhamiaji. Kwa safari za nchi nyingine za Jumuiya, beba pasipoti.

Watoto huchelewesha familia nyingi. Mtoto anahitaji hati yake mwenyewe ya kusafiria, na ni vizuri kubeba cheti chake cha kuzaliwa. Akisafiri na mzazi mmoja au na jamaa, beba barua ya idhini kutoka kwa mzazi aliyebaki.

Usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu Julai 2016, chanjo hiyo inatambuliwa kwa maisha yote, hivyo kadi ya zamani iliyoandikwa miaka 10 bado ni halali. Maafisa wa afya nao wana kazi yao. Uganda ilitangaza mkurupuko wa Ebola tarehe 30 Januari 2025, na ukatangazwa kuisha tarehe 26 Aprili mwaka huohuo. Katika nyakati kama hizo, dakika mbili za kupimwa joto ni kinga ya kijiji kizima.

Mfanyabiashara mdogo: cheti kisicholipiwa

Hapa ndipo wakazi wetu hupoteza pesa nyingi zaidi. Umoja wa forodha wa Afrika Mashariki ulianza kazi tarehe 1 Januari 2005. Chini yake, bidhaa zilizolimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya hazitozwi ushuru wa forodha zikivuka kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba bidhaa hiyo kweli ni ya hapa.

Kwa mfanyabiashara mkubwa, uthibitisho huo ni cheti kamili cha asili ya bidhaa. Kwa mdogo kuna cheti rahisi, chenye masharti haya:

- Thamani ya mzigo wote isizidi dola 2,000 za Marekani, yaani karibu robo milioni ya shilingi zetu.
- Bidhaa ziwe zimelimwa au kutengenezwa katika nchi ya Jumuiya.
- Bidhaa ziwe katika orodha iliyokubaliwa na nchi wanachama.

Cheti hiki hutolewa na maafisa wa forodha mpakani, bila malipo, na hakihitaji wakala wa forodha. Kinatolewa na nchi ambako bidhaa zinatoka. Kwa hiyo mama wetu wa maharagwe anakipata kwa maafisa wa forodha wa Uganda, kisha anakionyesha kwa maafisa wa KRA akiingia Kenya. Anayepeleka sabuni au chumvi iliyotengenezwa Kenya anaanzia kwa KRA.

Tahadhari mbili. Kwanza, msamaha huu ni wa ushuru wa forodha. Kodi nyingine, kama ile ya ongezeko la thamani, bado hutozwa kwa bidhaa zinazohusika, na masharti ya afya na ubora yanabaki palepale. Pili, kununua bidhaa Kitale hakuifanyi kuwa ya Kenya. Mitumba iliyotoka Ulaya au simu iliyotoka China haiwezi kupata cheti hiki, hata kama una risiti ya duka la hapa mjini.

Weka risiti ya ulikonunua. Afisa anahitaji kujua thamani ya mzigo, na bila risiti atakadiria mwenyewe. Makadirio hayo yanaweza kukupandisha juu ya dola 2,000 huku wewe ukijua hukufika hata nusu.

Mahindi, mbegu na mifugo

Wakulima wa Trans Nzoia wanakumbuka Machi 2021. Tarehe 5 mwezi huo, Mamlaka ya Kilimo na Chakula, AFA, ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu kwenye nafaka isiyokaushwa vizuri. Tarehe 10 Machi, siku 5 tu baadaye, marufuku iliondolewa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa kila bilioni, na kuwe na cheti cha asili kinachoonyesha mahindi yalikotoka.

Yanayofaa kukumbukwa ni kwamba katika siku hizo 5 malori yalikwama, lakini mpaka ulipofunguliwa tena, wenye hati ndio waliokuwa na njia. Anayenunua mahindi Uganda leo kwa ajili ya kuuza hapa aulize kuhusu unyevu na cheti kabla ya kulipa, wala asisubiri afike mpakani.

Miche, mbegu na mazao mabichi husimamiwa na KEPHIS, na huenda ukahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yanakotoka. Mche mmoja wenye ugonjwa unaweza kugharimu shamba la jirani zako wote. Mifugo nayo inahitaji kibali cha kusafirishwa na ukaguzi wa daktari wa mifugo. Kwa hili anza hapa nyumbani, kwa afisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako.

Jambo moja dogo linalowashika wengi wakirudi: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Hamishia nyanya zako kwenye kikapu kabla ya kuvuka.

Kusimama mara moja badala ya mbili

Zamani msafiri alipanga foleni upande wa Kenya, akavuka, kisha akapanga nyingine upande wa Uganda. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile Malaba na Busia, maafisa wa nchi zote mbili hukaa jengo moja. Ukitoka Kenya, husimami upande wa Kenya. Unaenda moja kwa moja upande wa Uganda na kuhudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili hapo. Ukirudi, ni kinyume chake. Kituo cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Mradi wa barabara ya Kapchorwa, Suam hadi Kitale, unaofadhiliwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliweka pia kituo cha aina hiyo Suam katika mipango yake.

Anayevuka na gari abebe kitabu cha umiliki, barua ya idhini ikiwa gari si lake, na bima inayotambuliwa ng'ambo, ambayo kwa wengi ni Kadi ya Njano ya COMESA. Bima ya kawaida ya Kenya pekee haitakusaidia ukipata ajali Mbale.

Kampuni zinazosafirisha mizigo mara kwa mara zinaweza kuomba KRA iziweke kwenye orodha ya wafanyabiashara walioidhinishwa na forodha. Huu ndio mpango wa kwetu unaofanana zaidi na ule wa wasafiri wanaoaminika. Kampuni huchunguzwa hesabu zake, rekodi yake ya kulipa kodi na usalama wa maghala yake. Ikikubaliwa, mizigo yake hukaguliwa mara chache zaidi na kupewa kipaumbele. Vyama vya ushirika vinavyouza mazao nje ya nchi vinafaa kufikiria jambo hili.

Njia za panya hugharimu zaidi

Kuna wanaosema kuvuka mto ni rahisi kuliko kupanga foleni. Mto Suam hujaa ghafla mvua ikinyesha mlimani Elgon, na mto wa Lwakhakha vivyo hivyo. Mbali na maji, kuna sheria: kuingia au kutoka nchini bila kupitia kituo rasmi ni kosa chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Mzigo uliopita kichakani hauna karatasi. Ukikamatwa nao, maharagwe yaliyostahili kuingia bila ushuru huchukuliwa kama ya magendo, na huna cha kujitetea. Ukiibiwa, huwezi hata kueleza polisi ulikuwa wapi.

Foleni ya dakika 40 ni nafuu kuliko gunia lililopotea.

Wanaosafiri kwa ndege na wageni wanaokuja

Kwa wenye watoto au jamaa wanaokuja kutoka ng'ambo: tangu Januari 2024, Kenya haitoi tena viza kwa wageni. Wageni wengi wa kigeni huomba idhini ya kusafiri kupitia mtandao kabla ya kupanda ndege, na raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawaihitaji. Mwambie mgeni wako aombe mapema. Anayeingia au kutoka na pesa taslimu za dola 10,000 au zaidi, au kiasi kama hicho cha sarafu nyingine, lazima azitangaze kwa maafisa wa forodha. Kuzitangaza si kosa. Kosa ni kuzificha.

Nani anafanya nini

Uhamiaji na forodha ni kazi ya serikali ya kitaifa. Serikali ya kaunti haitoi vitambulisho wala vyeti vya mpakani, na yeyote anayekuuzia hati hizo kwa jina la kaunti ni tapeli. Kazi ya kaunti kikatiba ni pamoja na masoko, leseni za biashara, huduma za mifugo na kudhibiti magonjwa ya mimea na wanyama. Kwa hayo, ofisi ya wadi yako ndiyo mlango wa kwanza.

Malipo halali ya serikali huwa na risiti. Ukiombwa pesa, uliza ni malipo ya nini na risiti iko wapi. Jibu lisipopatikana, usilipe. Kumbuka siku, saa na dirisha, kisha ripoti kwa msimamizi wa kituo au kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC.

Kabla ya kutoka nyumbani

- Kitambulisho halisi kinachosomeka, au pasipoti.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano.
- Hati za mtoto na barua ya idhini, ukisafiri naye.
- Risiti za bidhaa, na hesabu ya thamani yote.
- Kibali cha mifugo au cheti cha mimea, ukihitaji.
- Kitabu cha gari na bima ya ng'ambo, ukiendesha.
- Kikapu badala ya mfuko wa plastiki.

Ukifika, nenda kwenye dirisha la forodha na useme wazi: "Naomba cheti rahisi cha asili ya bidhaa." Maneno hayo hayakugharimu chochote, na ile elfu moja inabaki kwenye leso.