Kidole Kwanza, Bastola Baadaye
Picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni, akitwaa medali ya fedha ya kulenga shabaha kwenye Olimpiki ya Paris 2024 pamoja na Şevval İlayda Tarhan, iliwafanya wengi waamini kwamba vifaa si kitu. Sivyo: bastola yake ya hewa ilikuwa ya mashindano hasa, na mkono mfukoni ni njia ya kawaida ya kuutuliza mwili. Hata hivyo, anayeanza asikimbilie dukani. Shabaha iko mita 10, na duara la alama 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 tu, na kinachomponza mwanagenzi si kifaa bali ni kidole chenye pupa. Kanuni zinataka kifyatulio kisiwe chepesi kuliko gramu 500, na ukikivuta kwa kushtukiza, mtutu unayumba.

Dawa ni kufyatua bila risasi mbele ya ukuta mweupe, baada ya kuhakikisha silaha ni tupu, jicho likikazia ncha ya mbele ya kulengea. Wapo watakaosema zoezi hilo linachosha na halionyeshi matokeo. Kuchosha, linachosha kweli. Lakini matokeo yapo: ncha ikicheza kifyatulio kinapoachia, kosa umeliona papo hapo. Na kwa hilo, bastola ya kuazima klabuni, chini ya mwalimu, inatosha kabisa.