Mwalimu wa Basi la Mandera

Ndugu zetu waishio Thika na Ruiru wako mbali na pwani. Watoto wao hukaa dawati moja na watoto wasio Waislamu, hucheza nao, na jioni hushika njia ya madrasa. Mama wa huko hujiuliza lile tunalojiuliza sisi wa Mombasa na Malindi: ni kisa gani kitakachomfunza mtoto ushujaa pasi na kumpandikiza chuki?

Kisa kimoja kilitokea katika safari inayopitia njia ya kwao, kwani mabasi yatokayo Nairobi kwenda Garissa na Mandera hupita Thika. Tarehe 21 Desemba 2015, basi la Mandera lilivamiwa na Al-Shabaab karibu na El Wak. Abiria Waislamu waliamriwa wajitenge na Wakristo. Maana ya amri ile ilijulikana: Novemba 2014, katika kaunti hiyohiyo, abiria 28 waliotengwa namna hiyo waliuawa. Safari hii Waislamu walikataa. Ama wote wauawe, ama wote waachwe. Na wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao wa Kikristo mavazi ya kujistiri, ili wasitambulikane.

Mmoja wa waliokataa ni Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi. Alipigwa risasi. Akiwa bado anauguza jeraha, aliwasihi Waislamu wenzake wawatunze Wakristo, ili nao Wakristo wawatunze wao. Alifariki Nairobi mwezi Januari 2016, na baadaye taifa likamtunuku nishani.

Tukiwasimulia watoto, sisi tungeanza na mtandio kabla ya bunduki. Mtoto wa miaka sita haijui bunduki, wala hatumwombei aijue. Lakini mtandio wa mama anaujua, ameushika na kujifunika nao. Ataelewa mara moja maana ya kumpa mwenzio nguo yako anapokuwa na hofu. (Wavulana nao wasikie, adabu hii si ya mabinti peke yao.)

Kwa mtoto mkubwa, kifo cha mwalimu kisifichwe. Wazazi wengi hupenda kumaliza kila hadithi kwa mwema kurudi nyumbani salama. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za namna hiyo huuacha wema siku ya kwanza unapomgharimu, hata kama gharama yenyewe ni kuchekwa tu na wenzake kwa kumtetea mnyonge. Aambiwe wazi kwamba Salah Farah alikuwa msafiri kama wengine, hana silaha, na kwamba hakupona.

Kisha asimuliwe kisa cha Najashi. Masahaba walipoteswa Makka, wapatao mwaka 615 walivuka bahari wakakimbilia Habasha. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili warudishwe. Mfalme yule Mkristo aliwasikiliza wakimbizi kwanza, kisha akakataa kuwatoa, na zawadi akazirudisha.

Visa hivi viwili vikisimuliwa usiku mmoja, huenda mtoto akauliza ni nani aliyemlipa mwenzake fadhila. Tusimkatize kwa jawabu letu. Tumwulize nasi: dawatini unakaa na nani, na juma hili umemfanyia nini?