Enjektere ya tano: kwa nini pistoni moja iliungua na tatu zikapona

Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, tundu la kupitisha kidole kidogo. Fundi alikuwa amezipanga zote nne juu ya gunia, chini ya hangari ya garaji moja hapa Kadutu. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa nyeusi tu, za kupanguswa. Gari ni la yaya yangu: Toyota ya esansi, silinda nne, na turbo ya okazyo iliyofungwa baadaye. Ili moteri ipate esansi ya kutosha kwa ile turbo, walitoboa bomba la hewa, mbele kabisa, wakaweka enjektere ya tano. Wiki tatu gari lilipanda milima ya Bukavu kama halina mzigo. Halafu siku moja likazimika njiani, na yaya akaanza kutafuta pesa ya moteri nyingine.

Swali aliloniuliza ndilo nawaletea leo, ndugu wasikilizaji: kama esansi iliongezwa, kwa nini silinda moja iliungua kwa kukosa esansi?

Jibu liko kwenye mahali ile enjektere ilipowekwa. Watu wa magari ya mashindano wanalijua jambo hili vizuri, na wana namna yao ya kulipima kabla ya mtu kushika drili.

Enjektere ni kama robine ndogo inayofunguliwa kwa umeme. Esansi inafika kwake kwa presha ya karibu bar 3, kalkulatere inaifungua kwa muda mfupi sana, inatoa ukungu, inafunga. Magari mengi ya esansi hapa mjini yana enjektere moja kwa kila silinda, na imefungwa karibu kabisa na supapu ya kuingiza hewa. (Mazutu ni habari nyingine. Kwenye moteri za kisasa za mazutu inamwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa presha inayopita bar 1,000.)

Sasa angalia muda. Gari likiwa limesimama kwenye msongamano wa Feu Rouge, moteri inazunguka mara 750 hivi kwa dakika. Hapo silinda moja ina milisekunde 160 za kufanya kazi yake yote: kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Ukikanyaga mpaka mizunguko 6,000, zinabaki milisekunde 20 tu. Ndani ya huo muda esansi lazima itoke kwenye hali ya matone iwe mvuke, maana matone hayawaki vizuri.

Enjektere ikiwa karibu na supapu, esansi inafika mara moja. Ukigusa akselerateri, moteri inajibu. Lakini kwenye mizunguko ya juu matone hayapati nafasi ya kuyeyuka yote. Ukiisogeza mbali, juu kabisa kwenye mdomo wa bomba la hewa, esansi inasafiri na hewa na kuchanganyika nayo njiani. Tena kuna faida nyingine: esansi ikiyeyuka inanyonya joto. Aliyewahi kumwagikiwa esansi mkononi anaijua ile baridi. Hewa iliyopoa ni nzito, inaingia nyingi zaidi, na nguvu inaongezeka.

Kumbe na mbali kuna gharama yake. Kwenye mizunguko ya chini hewa inakwenda polepole, matone yanaganda kwenye kuta za bomba. Unakanyaga, moteri inasita kwanza, halafu inapata esansi nyingi kwa mara moja. Na wakati mwingine hewa inarudi nyuma na kutema ukungu wa esansi nje ya bomba, karibu na vyuma vya moto. Hiyo ni hatari ya kuunguza gari.

Ndiyo maana wengine waliamua kutumia sehemu zote mbili. Pikipiki ya Honda CBR600RR ya mwaka 2003, iliyotengenezwa kwa kufuata zile za mashindano, ina enjektere mbili kwa kila silinda: ya chini inafanya kazi wakati wote, ya juu inajiunga moteri inapokwenda kasi. Silinda nne, enjektere nane. Upande mwingine, magari makubwa ya Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na yaliyorudi kwenye ubingwa wa dunia huko Naivasha mwaka 2021, yanamwaga esansi ndani ya silinda yenyewe. Ila Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer ambazo tumezizoea kwenye rally za Afrika, hata hapa jirani Rwanda kwenye Mountain Gorilla Rally, zimetoka kiwandani na enjektere nne karibu na supapu, kama magari yetu.

Angalia kitu kimoja kwenye ile Honda. Kila enjektere ya juu inamwagia bomba lake, silinda yake. Ya yaya ilikuwa moja kwa silinda zote nne, kabla bomba halijagawanyika. Bomba lile lilichongwa kugawa hewa kavu. Hewa inakata kona, tone la esansi ni zito kuliko hewa, linakwenda mbele na kugonga ukuta. Basi silinda zingine zilikunywa kupita kiasi na ya tatu ikabaki na kiu. Chini ya presha ya turbo, silinda yenye kiu inapata joto kali, inaanza kugonga, aluminiamu ya pistoni inalainika, inatoboka.

Fundi alikuwa amepima kweli, hilo nalisema kwa haki. Aliangalia sonda ya oksijeni, ile ya kwenye bomba la moshi, na ilionyesha mchanganyiko mzuri. Lakini sonda ile imekaa pale moshi wa silinda zote unapokutana. Tatu zenye esansi nyingi na moja yenye kidogo, ukizichanganya, zinatoa namba nzuri.

Timu za mashindano zinakwepa mtego huo kwa kuweka kipima joto kwenye bomba la moshi la kila silinda peke yake. Moteri inafungwa kwenye benchi ya kupima nguvu. Enjektere zinajaribiwa karibu na supapu, kisha mbali zaidi, kisha juu ya mdomo wa bomba. Kitu kingine hakibadilishwi: esansi ya pipa moja, maji ya moteri kwenye joto lile lile, na hali ya hewa ya siku inaandikwa. Kila mahali papya, kiasi cha esansi na muda wa cheche vinarekebishwa upya, maana vinginevyo unalinganisha regilaji mbaya na nzuri, si mahali na mahali. Wanarudia mara kadhaa. Halafu wanajaribu kukanyaga na kuachia ghafla, kwa sababu nguvu kubwa kwenye mizunguko ya juu haisaidii kitu kama moteri inakwama ikitoka kwenye kona.

Asiye na benchi ana njia mbili za bei ndogo. Ya kwanza, kutoa enjektere zote, kuziendesha kwa muda sawa kila moja kwenye chupa yake yenye alama, na kulinganisha vipimo. Fanyeni nje, mbali na mtu wa sigara. Ya pili ni kusoma buji: gari lipande mlima kwa nguvu, lizimwe hapo hapo, buji nne zitolewe na kuwekwa kwa mpangilio. Moja ikiwa nyeupe na zingine nyeusi, hiyo silinda inakaribia kufa.

Na hapo bado hatujateremka. Bukavu tuko kwenye mita 1,500 hivi, presha ya hewa ni pungufu karibu sehemu moja kati ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Enjektere ya yaya ilikuwa inafunguliwa na swichi tu, kiasi kile kile kila siku. Gari kama hilo likiteremka Ngomo kwenda Uvira, chini ya mita 800, linakuta hewa nzito zaidi na esansi ile ile. Hata zile silinda tatu zilizopona zingeanza kupata kiu.

Yaya amepata moteri ya okazyo. Tundu la enjektere ya tano ameliziba kwa bulo, na turbo iko chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye plastiki.