Sotet na Sinendet Jijini Eldoret

Mgeni akitaka kujua historia ya Eldoret, kwa kawaida husimuliwa habari za Makaburu. Ni habari za kweli. Mwaka 1908 msafara wa Van Rensburg, uliotoka Afrika Kusini, ulipanda uwanda wa Uasin Gishu kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mwaka 1910 posta ikafunguliwa katika Shamba Nambari 64, ndiyo maana wazee huuita mji Sisibo, yaani "sixty-four". Jina la Eldoret lilikuja 1912, reli 1924.

Lakini uwanda huu ulikuwa na wenyewe. Mashimo ya Wasirikwa, mazizi ya kale, yangali yanaonekana katika nyanda hizi za juu. Baadaye Wamaasai wa Uasin Gishu walichunga hapa, kisha Wanandi, ambao kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza Oktoba 1905. Magari ya Makaburu yalifika miaka mitatu tu baada ya mauaji hayo.

Kwa kuwa historia ya mji huu haikuanza na Makaburu, mimi huiona vizuri zaidi kwenye uwanja wa ndege, siku mwanariadha anaporudi na medali. Akina mama humlaki kwa nyimbo, humvika sinendet, mmea mtambaazi ambao Wakalenjin huwavika washindi, kisha humnywesha mursik, maziwa yaliyoganda, kutoka kwenye sotet. Dunia nzima imeiona picha hiyo. Kazi iliyo nyuma yake haionekani.

Sotet ni kibuyu kilichokaushwa. Husafishwa, kisha makaa ya mti wa senetwet hutiwa ndani na kusagwa kwa sosiot, ufito wenye ncha iliyochambuliwa kama brashi, mpaka ukuta wa ndani ushike weusi. Maziwa huchemshwa, yakapoa, yakamiminwa, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa mahali penye ubaridi kwa siku kadhaa. Yanapotoka yameganda, yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi, na huliwa kwa kimyet, ugali wetu. Mchumba akija kwa koito, kikao cha mahari, ni hayo hayo anayokaribishwa nayo.

Katika mitaa ya makazi kama West Indies, ambako ukuta mmoja hutenganisha Mnandi, Mkikuyu na Mluhya, kuwasha senetwet si rahisi. Ua ni mdogo, mti wenyewe uko mbali. Wengi hununua mursik ya chupa ya plastiki. Siwalaumu, maana kazi za mjini hazimpi mtu nafasi. Ila kijana anayeinunua dukani hajifunzi kushika sosiot, na ujuzi huo hufundishwa jikoni, mkono kwa mkono, na mama au nyanya.

Eldoret ilitangazwa jiji Agosti 15, 2024. Katika mipango inayochorwa sasa, naomba senetwet ipandwe kando ya mto Sosiani, na shule za jiji ziwaalike nyanya zetu waje na vibuyu vyao.