Jeraha Lisiloonekana



Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawagonga wachuuzi na abiria. Watu zaidi ya 50 walikufa. Miaka mitano kabla yake, mwaka 2018, wengine zaidi ya 50 walikufa katika ajali ya basi huko Fort Ternan.

Mifupa huungwa hospitalini. Lakini moyo nao huvunjika. Aliyeokoka husikia lori likinguruma, akatetemeka. Mama hapati usingizi. Baba huwa mkali. Mtoto hashiki masomo. Nasi husema, "Mvivu huyu," au, "Amerogwa."

Tumtazame Elia, katika 1 Wafalme 19. Alilala chini ya mretemu, akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimpelekea malaika na mkate na maji, akamwacha alale tena. Baadaye ndipo akamwuliza habari zake.

Mji hauponywi na daktari mmoja. Muuguzi, mwalimu, askari, chifu, nasi wazee wa kanisa, tufuate utaratibu huo: kwanza usalama, chakula na usingizi, kisha tuulize kwa upole, "Umepatwa na nini?" Tusimlazimishe mtu kusimulia. Majuma yakipita asipate nafuu, tumsindikize hospitali, asiende peke yake.

Je, jirani yako ni Elia? Bwana atupe neema ya kumpelekea mkate. Amina.