Fedha za Marehemu Zilizomo Simuni: Suala la Kenya

Nchini Kenya mirathi ya mtu wa kawaida haipo tena shambani na zizini peke yake. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwezi Machi 2007, sehemu ya jasho la mkulima na mchuuzi hukaa ndani ya simu, nyuma ya nambari ya siri.

Mwenye simu anapofariki, huenda jamaa aliyedokezwa nambari hiyo akazitoa fedha upesi ili likanunuliwe jeneza. Nia yaweza kuwa njema kabisa. Hata hivyo Sheria ya Urithi ya nchi hiyo, iliyoanza kutumika mwaka 1981, katika kifungu cha 45 yakataza kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria au hati ya usimamizi wa mirathi. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kwa mjane anayedaiwa gharama za matanga, njia ya mahakama ni ndefu mno. Lakini kuwa na nambari ya siri si kuwa mrithi.

Tena, asiyejua kwamba fedha zilikuwepo hawezi kuzidai. Sheria ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kupokea mali isiyodaiwa na kuwatunzia wenyewe. Yafaa basi mwenye akaunti aandike orodha ya zote, za simu, benki na barua pepe, pasipo nambari za siri, aiweke pamoja na wasia. Orodha hiyo itawafaa jamaa hata akipooza ghafla: yu hai, mirathi haijafunguka, na kidole hakiwezi kubonyeza.